Dalali wa nyumba bila ofisi: Mzazi umwamini kwa lipi?

Musoma. Januari ikikaribia, simu za madalali wa nyumba huanza kuita alfajiri. Mwalimu amehamishiwa Bunda, muuguzi amepangiwa Musoma, mfanyabiashara anataka watoto wasogee karibu na shule. Wote wana swali moja: kuna nyumba?

Mara nyingi anayepokea simu hizo hana meza wala kibao mlangoni. Ofisi yake ni kijiwe karibu na stendi, pikipiki iliyoegeshwa chini ya mti na simu iliyojaa picha za vyumba, viwanja na nyumba zinazouzwa. Mteja akifika, anapakiwa kwenye bodaboda na safari ya kuzunguka mitaa inaanza.

Kwa familia inayobeba akiba ya miaka kadhaa, hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Je, mtu asiye na ofisi anaweza kuaminiwa kuuza nyumba? Na yule aliyepanga fremu kando ya barabara kuu, akaweka kiti, kompyuta na bango, ndiye salama zaidi?

Jibu linategemea mahali na aina ya mali. Kinachofaa kwa kiwanja kilichopimwa Musoma mjini hakitoshi kwa shamba la ukoo Butiama, na chumba cha kupanga Bunda kina mambo yake.

Fremu inagharimu, na mteja ndiye hulipa

Hesabu ya dalali si ngumu. Tuchukue mfano wa anayepanga fremu kwa Sh80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni Sh960,000, kabla ya umeme, leseni na kodi ya mapato.

Tuseme kwa mwaka ameuza nyumba mbili za Sh30 milioni kila moja, akalipwa asilimia 5. Kamisheni yake ni Sh3 milioni. Karibu theluthi moja ya fedha hiyo imeishia kwenye pango la fremu.

Ndiyo maana wengi hubaki kijiweni. Wateja wao hawapiti dirishani kutazama picha. Wanatumiwa namba na jirani, shemeji, fundi aliyejenga nyumba hiyo au mama wa duka la mtaani. Siku hizi picha zinawekwa kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook na stetasi, na mnunuzi aliyeko Mwanza anaziona dakika hiyohiyo.

Hata nchi zilizozoea ofisi za madalali kwenye mitaa ya maduka zimejiuliza swali hili. Nchini Uingereza, kampuni ya Purplebricks ilianza mwaka 2014 ikiuza nyumba bila matawi ya barabarani. Wateja walivutiwa na ada maalumu iliyokuwa ndogo kuliko asilimia wanayotoza madalali wa kawaida.

Lakini ada hiyo ilidaiwa nyumba iuzwe isiuzwe. Mwaka 2023 kampuni hiyo, iliyowahi kuwa na thamani kubwa katika soko la hisa la London, iliuzwa kwa mshindani wake kwa pauni moja tu.

Mambo mengi yaliiangusha, lakini mzazi wa Bunda anaweza kuchukua somo moja: dalali aliyekwishalipwa kabla ya kazi hana sababu kubwa ya kuimaliza. Somo hilo linahusu pia fedha ndogo ambazo baadhi ya madalali hudai ili kumwonyesha mteja nyumba. Nauli ya bodaboda inaeleweka. Malipo ya kuzungushwa kutwa nzima kwenye nyumba zilizokwishapangishwa ni biashara nyingine.

Musoma: nyumba inauzwa kwa karatasi

Katika Manispaa ya Musoma, maeneo mengi yana viwanja vilivyopimwa. Mnunuzi anayetembezwa Makoko, Nyasho, Bweri au Buhare huvutiwa kwanza na ukuta, bati na umbali kutoka shule au ziwani. Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana ziara huanza na nyumba na karatasi huja mwishoni.

Familia yenye busara huanza na karatasi. Mwenye nyumba ana hati miliki, ana barua ya toleo ambayo wengi huiita ofa, au ana maandishi ya mauziano aliyosaini na aliyemuuzia? Hizo ni nyaraka tatu tofauti, na bei zake hazipaswi kulingana.

Kwa nyumba yenye hati, kuna hatua inayoitwa upekuzi. Mnunuzi hupeleka taarifa za hati kwenye ofisi ya ardhi, analipa ada, na anapewa majibu yanayoonyesha nani ameandikishwa kuwa mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu ya mali hiyo. Serikali imefungua ofisi za ardhi za mikoa, hivyo mtu wa Musoma hana haja ya kusafiri hadi mkoa mwingine kwa kazi hiyo.

Upekuzi hauulizi kama dalali ana ofisi. Dalali wa chini ya mti anayekubali ufanyike kabla ya fedha kutoka ana faida kuliko mwenye fremu na kiyoyozi anayesema "mnunuzi mwingine yuko njiani, lipa leo".

Wengi husimamia mauziano yao mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ni jambo zuri, kwa kuwa mwenyekiti anawafahamu wakazi, anajua nyumba yenye ugomvi na anajua kiwanja kilichouzwa mara mbili. Hata hivyo, muhuri wake ni ushahidi tu kwamba alikuwepo. Haubadilishi jina kwenye hati.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, na uhamisho wa milki unasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kabla ya hapo kuna kodi za kulipa TRA, ikiwamo kodi ya faida ambayo kwa mkazi wa Tanzania hutozwa kwa asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji. Ni vyema iandikwe mapema nani atalipa nini, kwa sababu ugomvi mwingi huanza siku ya kuhamisha hati, wakati fedha zimekwishatumika.

Bunda: haraka ya kupanga chumba

Bunda ni mji wa barabarani. Mabasi na malori ya Mwanza, Musoma na Sirari hupita hapo, na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti liko katika wilaya hiyo. Kuna watumishi wanaohamia, wafanyabiashara wanaokuja na kuondoka, na vijana wanaoanza maisha. Wengi wao hawanunui nyumba, wanapanga.

Hapa dalali asiye na ofisi hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa chumba hakisubiri. Mpangaji akihama asubuhi, dalali wa mtaa anajua kabla ya mchana. Ofisi ya barabarani ingechelewa.

Gharama nayo inajulikana. Kwa kawaida mpangaji hulipa kodi ya miezi kadhaa mbele, na dalali huchukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya Sh100,000 kwa mwezi, familia inayodaiwa miezi sita inapaswa kuwa na Sh700,000 mkononi kabla ya kufungua mlango. Kwa mwalimu mwenye watoto watatu, hizo ni fedha za sare, madaftari na chakula.

Ndiyo maana hasara ya hapa inauma, ingawa ni ndogo kuliko ya kununua nyumba. Mbinu inayojirudia katika miji mingi nchini ni ya mtu kupata funguo za nyumba tupu, kuwaonyesha watu watatu au wanne kwa siku moja, kuchukua kodi ya kila mmoja, kisha kuzima simu.

Kinga yake haihitaji wakili. Mpangaji aonane na mwenye nyumba, au azungumze naye mbele ya jirani anayemfahamu. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba mwenyewe, na dalali alipwe chake kando. Mwenye nyumba aliyeko mbali atumiwe kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, kwani jina hutokea kabla ya muamala kukamilika. Likitokea jina jingine, familia isimame hapo na kuuliza.

Mkataba wa upangaji nao uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari hawakuwa wakiwasema wafanyabiashara peke yao.

Butiama: ofisi ya ardhi ni majirani

Ukitoka Makutano kuelekea Butiama, mambo hubadilika. Hapa ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipozaliwa mwaka 1922 na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu aliandika kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama nguo sokoni.

Mawazo hayo bado yana alama katika sheria. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kinachouzwa na mtu ni haki yake ya kuitumia pamoja na alichojenga au kupanda juu yake. Dalali anayesema "nauza ardhi" anasema kwa mkato.

Kwa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi hiyo, na haki ya kuimiliki inaweza kuthibitishwa kwa hati miliki ya kimila. Mgeni anayetaka ardhi ya kijiji hawezi kumalizana na dalali na muuzaji peke yao barabarani. Lazima serikali ya kijiji ihusike, na kwa ardhi ya kugawiwa, mkutano mkuu wa kijiji una sauti.

Wilaya ya Butiama inabadilika. Makao makuu ya wilaya yameleta watumishi, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimeongeza hamu ya watu kutafuta viwanja na vyumba. Panapokuwa na hamu ya ardhi, madalali hawakosi.

Lakini ofisi ya dalali iliyoko Musoma mjini haiwezi kujua mpaka wa shamba la kijijini unaishia kwenye mti gani. Anayejua ni jirani wa upande wa kushoto, mzee aliyelima upande wa kulia na mtendaji wa kijiji. Mnunuzi anayetembea mpaka mzima akiwa na majirani hao, kila mmoja akaonyesha mahali anapokomea na kusaini, amefanya kazi ambayo hakuna bango la barabarani linaloweza kumfanyia.

Swali la pili kijijini ni kama ardhi ni ya mtu au ya ukoo. Shamba lililoachwa na baba aliyefariki haliwi la mtoto mkubwa kwa sababu yeye ndiye anayelilima. Kabla ya kuuzwa, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka anayeuza haraka huku dada zake walioolewa Tarime na Bunda hawajui, anamuuzia mnunuzi kesi.

Mwenza asipojua, nyumba haijauzika

Jambo hili ndilo linalogusa ukurasa wa familia kuliko yote. Dalali anaweza kuwa mwaminifu, hati ikawa halali na bei ikawa nzuri, lakini kama nyumba ni ya ndoa na mke au mume hakushirikishwa, biashara hiyo ina shimo katikati.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Haijalishi hati ina jina la nani. Sheria hiyo inamtambua mwenza kuwa na maslahi katika nyumba hiyo, na maslahi hayo yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Kwa mama anayehofia kwamba nyumba anayolea watoto inaweza kuuzwa bila yeye kujua, hilo zuio ni silaha anayoweza kuitumia kabla mnunuzi hajafika mlangoni. Kwa nyumba isiyo na hati, kutoa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani kunasaidia, kwa kuwa ndio watakaoulizwa.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Akiambiwa mwenye nyumba ana mke lakini "yuko safarini", asubiri arudi. Akikuta watoto wanacheza uani na mama anaanika dagaa huku hajui kwamba wageni wamekuja kupima vyumba, hiyo ni taarifa tosha. Ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe, naye awepo fedha zinapokabidhiwa.

Dalali mzuri huuliza swali la mwenza siku ya kwanza, kabla hata ya kupiga picha. Anajua kwamba biashara ikiharibika, familia mbili zitaumia: ile iliyopoteza nyumba na ile iliyopoteza akiba.

Cha juu na bosi wa dalali

Kuna neno ambalo kila aliyewahi kununua kitu kwa dalali analijua: cha juu. Mwenye nyumba anataka Sh30 milioni, mnunuzi anaambiwa Sh36 milioni, na Sh6 milioni zinabaki katikati, pamoja na kamisheni.

Kisheria, dalali ni wakala wa aliyemtuma. Sheria ya Mikataba inamtaka wakala atoe hesabu kwa bosi wake, na faida ya siri si sehemu ya malipo yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi dalali hutumwa kwa mdomo, bila asilimia kuandikwa, na kila upande unadhani yuko upande wake.

Dawa ni kukutana ana kwa ana. Muuzaji na mnunuzi wakikaa meza moja siku ya kutaja bei, cha juu hakina pa kujificha. Dalali anayekataa wawili hao wasionane ana jambo analolinda, awe na ofisi au asiwe nayo.

Anayenunua akiwa mbali

Kuna kundi moja ambalo kwake ofisi ina maana zaidi: watoto wa Mara wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha au nje ya nchi, wanaotuma fedha ili wazazi wapate nyumba. Hawawezi kwenda kijiweni kesho asubuhi kuuliza kulikoni.

Kwa hao, mlango unaojulikana, jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri ni mambo ya thamani. Hayazuii udanganyifu, lakini yanaacha nyayo. Mtu aliyesajiliwa anaweza kupatikana, akaandikiwa barua na akaitwa barazani.

Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, wana sheria na bodi inayosajili mawakala wa majengo. Kwa Tanzania, mwaka 2025 Serikali iliweka udalali wa biashara na majengo miongoni mwa shughuli ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Kazi hiyo imeachiwa Watanzania wenyewe, na uaminifu wake uko mikononi mwao.

Hata aliye mbali asitegemee bango peke yake. Awe na ndugu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja aende kuona nyumba na mwingine afuatilie upekuzi. Fedha zitumwe kwa awamu zinazofuata hatua: sehemu baada ya upekuzi na mkataba, na salio baada ya nyaraka za uhamisho kusainiwa.

Mambo yakiharibika, wapo wa kuwaendea. Baraza la Ardhi la Kata husuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza na kuamua mashauri. Lakini kesi ya ardhi huweza kuchukua miaka, na watoto hukua wakiwa wamepanga huku nyumba waliyolipia ikiwa na kufuli la mahakama.

Kwa hiyo ofisi inahitajika?

Kwa kutafuta chumba Bunda, hapana. Kijiwe na simu vinatosha, ilimradi kodi iende kwa mwenye nyumba. Kwa shamba au kiwanja cha kijiji Butiama, fremu ya mjini haisaidii kitu kama majirani na serikali ya kijiji hawakuwepo. Kwa nyumba yenye hati Musoma, ofisi inayohitajika zaidi ni ile ya ardhi.

Dalali mwenyewe apimwe kwa maswali machache. Anaishi wapi, na nani mtaani anamjua? Ni familia zipi alizowapatia nyumba mwaka jana, na zinaweza kuulizwa? Yuko tayari asilimia yake iandikwe, na ilipwe baada ya kazi kukamilika? Yuko tayari muuzaji na mnunuzi wakutane, mwenza wa muuzaji akiwepo?

Akijibu bila kukwepa, hata kama kiti chake ni tangi la pikipiki, familia inaweza kupanda nyuma na kwenda kuona nyumba. Akianza kuangalia saa na kusema nafasi itapotea, waiache ipotee. Nyumba nyingine itapatikana, lakini akiba iliyokusanywa kwa miaka kumi haitarudi haraka hivyo.